Wayahudi Wakulima na Makazi ya Wakimbizi Mashambani: Urusi, Argentina, Kenya na Sosúa

Kwa muda wa miaka sitini hivi, tangu 1881 hadi Vita Vikuu vya Pili, Wayahudi wengi waliokimbia Ulaya walikuta milango ya dunia imefungwa, na pale ilipofunguliwa kidogo waliambiwa kuwa nafasi ipo kwa mtu wa jembe. Mwanasheria, tabibu, mfanya biashara na fundi wa nguo hawakutakiwa; mkulima ndiye aliyetakiwa. Kwa sababu hiyo yalitokea makazi ya wakulima wa Kiyahudi katika nchi zilizoachana sana: nyika za kusini mwa Urusi, mbuga za Argentina, pwani ya kaskazini ya Dominika, na nyanda za juu za Kenya. Makala haya yaeleza asili ya makazi hayo, jinsi yalivyoanzishwa, na mambo yaliyoyafanya mengine yadumu na mengine yafe. Kenya itaelezwa kwa urefu zaidi, kwa kuwa habari zake zagusa ardhi na watu wa Afrika ya Mashariki, na pia kwa kuwa habari hizo zaibua swali ambalo makazi yote ya namna hii hayana budi kulijibu: ardhi apewayo mkimbizi ni ya nani?

Watu waliokatazwa ardhi

Katika falme nyingi za Kikristo za Ulaya ya kale Myahudi hakuruhusiwa kumiliki shamba, wala hakupokewa katika vyama vya mafundi. Alibakiwa na biashara ndogo ndogo, kukopesha fedha, na kazi chache za mikono. Baadaye alilaumiwa kwa kuishi kwa biashara na kukopesha, kana kwamba alijichagulia mwenyewe. Lawama hiyo ilikaa sana katika fikira za watu hata baadhi ya Wayahudi wenyewe waliiamini, wakaona kuwa dawa ya taabu zao ni kurudi kwenye udongo.

Ufalme wa Poland ulipogawanywa na majirani zake kati ya 1772 na 1795, Wayahudi wengi walijikuta chini ya dola ya Urusi. Dola hiyo iliwawekea mpaka. Hawakuruhusiwa kukaa ila katika majimbo ya magharibi na ya kusini. Mwaka wa 1804 Kaisari Alexander I alitoa amri iliyowaruhusu kuingia katika kilimo, na katika miaka iliyofuata vikaanzishwa vijiji vya wakulima wa Kiyahudi katika jimbo la Kherson, karibu na Bahari Nyeusi. Basi si kweli kwamba kilimo kilikuwa jambo geni kabisa kwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Walikuwako waliolima ngano kwa vizazi kadhaa, ingawa walikuwa wachache mbele ya umati wa watu maskini waliosongamana mijini.

Machi 1881 Kaisari Alexander II aliuawa kwa bomu. Wayahudi walitupiwa lawama, na ghasia zikaenea katika miji ya kusini. Nyumba zilivunjwa, maduka yakaporwa, watu wakapigwa na kuuawa. Serikali haikuwalinda vya kutosha, bali Mei 1882 ilitoa sheria iliyowazuia Wayahudi kuhamia vijijini upya na kununua ardhi nje ya miji. Hivyo mlango ule mdogo wa 1804 ulifungwa. Tangu 1881 hadi 1914 Wayahudi wapatao milioni mbili waliondoka Ulaya ya Mashariki. Wengi wao walikwenda Marekani, wakaingia katika viwanda vya mijini. Wachache walikwenda kutafuta shamba.

Argentina: mbuga na ngano

Agosti 1889 meli iitwayo Weser ilitia nanga Buenos Aires ikiwa na Wayahudi zaidi ya 800 kutoka Podolia. Walikuwa wamenunua ardhi kwa mawakala kabla ya kuondoka, lakini walipofika waliambiwa kuwa ardhi ile haipo tena kwa bei waliyopatana. Walipelekwa jimbo la Santa Fe, wakaachwa kando ya njia ya reli pasipo nyumba wala zana. Maradhi yaliwaingia, na watoto wengi walikufa. Waliosalia walianzisha kijiji, wakakiita Moisés Ville, yaani mji wa Musa.

Habari za mateso yao zilimfikia Baron Maurice de Hirsch, tajiri aliyezaliwa Munich mwaka wa 1831, ambaye utajiri wake ulitokana kwa sehemu kubwa na ujenzi wa reli. Mwaka wa 1891 alianzisha Chama cha Ukoloni wa Kiyahudi kwa mtaji wa pauni milioni mbili. Chama hicho kilinunua ardhi katika majimbo ya Santa Fe, Entre Ríos na Buenos Aires, na mwishowe kilikuwa na hekta zipatazo 600,000. Kila familia ilipewa shamba, ng'ombe, zana na nyumba ndogo, kwa mkopo wa kulipwa kidogo kidogo.

Mapatano ya mkopo ndiyo yaliyoleta ugomvi. Nzige walipokula ngano, au mvua iliponyima, mkulima alibaki na deni, na maofisa wa chama waliyatawala makazi kwa ukali. Wakulima waliona kuwa wamekimbia bwana mmoja wakaangukia mikononi mwa mwingine. Hapo ndipo walipojifunza kuungana. Vyama vyao vya ushirika vilikuwa miongoni mwa vya mwanzo katika kilimo cha Argentina. Waliuza mazao pamoja, wakanunua mbegu pamoja, wakajenga maktaba na zahanati. Mwaka wa 1910 Alberto Gerchunoff, aliyekulia katika makazi hayo, alitoa kitabu cha hadithi kuhusu wachunga ng'ombe wa Kiyahudi, kikawa maarufu nchini kote.

Hata hivyo watoto wa wakulima hao walikwenda shule, na shule iliwapeleka mjini. Ipo mithali iliyoenea Argentina kwamba watu hao walipanda ngano wakavuna madaktari. Wengine husema hivyo kwa fahari, wengine kwa huzuni. Kwa upande wa mzazi aliyetoka Podolia na kifurushi kimoja, mavuno hayo hayakuwa mabaya.

Ardhi ya Uasin Gishu, 1903 hadi 1905

Aprili 1903, wakati wa sikukuu ya Pasaka, Wayahudi 49 waliuawa katika mji wa Kishinev. Dunia ilishtuka. Theodor Herzl, kiongozi wa Chama cha Wazayuni, alikuwa akitafuta mahali pa kuwaweka watu wake upesi. Alikuwa ameomba nchi ya Sinai karibu na El Arish, lakini ombi hilo lilishindikana kwa sababu ya maji. Wakati huo Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa amerudi kutoka safari ya Afrika. Desemba 1902 alikuwa amesafiri kwa gari moshi katika reli mpya iliyotoka Mombasa kwenda Ziwa Nyanza, akaona nchi ya baridi yenye majani mengi, akafikiri kuwa yafaa kwa Wayahudi. Reli ile ilikuwa imegharimu mamilioni ya pauni, nayo haikuwa na mizigo ya kutosha. Serikali ya Kiingereza ilihitaji watu wa kulima na kusafirisha mazao. Basi huruma kwa mkimbizi na haja ya reli vilikwenda pamoja.

Tarehe 14 Agosti 1903 Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa barua ya kukubali kufikiria makazi ya Wayahudi katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, yenye utawala wao wa ndani chini ya ulinzi wa Uingereza. Mpango huo huitwa hata leo Mpango wa Uganda, lakini jina hilo lapoteza njia. Nchi iliyokusudiwa ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambao tangu Aprili 1902 ulikuwa umeondolewa katika Uganda na kuunganishwa na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Eneo lililotajwa lilikuwa maili za mraba 5,000 hivi.

Katika mkutano mkuu wa sita wa Wazayuni, uliofanywa Basel mwezi huo huo wa Agosti, wajumbe waliulizwa kama watume tume kwenda kuitazama nchi hiyo. Wajumbe 295 walikubali, 178 walikataa, na wengine wengi hawakupiga kura. Wajumbe wa Urusi, ambao watu wao ndio waliokuwa katika hatari, walitoka ukumbini wakilia. Kwao nchi iliyotakiwa ilikuwa moja tu, Palestina, na kimbilio lolote jingine waliliona kuwa ni kuiacha ahadi. Herzl alifariki Julai 1904, hata kabla tume haijaondoka.

Tume ilikuwa na watu watatu: Meja Alfred St. Hill Gibbons, Mwingereza aliyejua safari za Afrika. Alfred Kaiser wa Uswisi. Na Nahum Wilbusch, mhandisi wa Kiyahudi kutoka Urusi. Walifika Mombasa Januari 1905, wakapanda reli mpaka Nakuru, kisha wakasafiri kwa miguu pamoja na wapagazi mpaka juu ya uwanda. Waliporudi, maoni yao yalitofautiana. Gibbons aliona kuwa watu wangeweza kuishi huko, ingawa kwa idadi ndogo kuliko iliyotarajiwa. Wilbusch alikataa kabisa. Julai 1905 mkutano mkuu wa saba uliikataa nchi hiyo kwa heshima, ukaishukuru Serikali ya Uingereza. Israel Zangwill na wenzake hawakuridhika. Walijitenga, wakaunda chama chao cha kutafuta ardhi popote itakapopatikana.

Huko Nairobi habari za mpango huo zilikuwa zimewachukiza masetla wa Kiingereza. Walikuwa wachache bado, lakini sauti yao ilikuwa kubwa. Lord Delamere aliwaongoza katika kupinga, wakaunda kamati na kupeleka malalamiko London. Hawakutaka nchi waliyoitamani wao wenyewe ipewe Wayahudi maskini wa Urusi. Kamishna Sir Charles Eliot naye hakuupenda mpango huo.

Katika mabishano yote hayo, ya Basel, ya London na ya Nairobi, hakuna aliyewauliza wenyeji. Uwanda ule ulielezwa kuwa ni mtupu. Ni kweli kwamba wakati ule watu walikuwa wachache juu yake, lakini utupu huo ulikuwa na historia. Jina lenyewe la Uasin Gishu ni la Wamaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe huko mpaka waliposhindwa katika vita vya karne ya 19. Kabla yao walikuwako wengine, na mashimo ya mviringo yaliyotapakaa katika nyanda hizo, yaitwayo mashimo ya Sirikwa, ni mabaki ya mazizi yao. Baada ya Wamaasai kuondoka, Wanandi ndio waliopeleka mifugo yao huko. Mfugaji huacha malisho yapumzike. Mgeni apitaye na kuyakuta hayana ng'ombe huyaita pori lisilo na mwenyewe.

Mambo yaliyofuata yaonyesha wazi. Mkutano wa Basel ulipofungwa, haikupita miezi mitatu kabla ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, kupigwa risasi na kuuawa na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, tarehe 19 Oktoba 1905. Jeshi liliingia, ng'ombe wakanyang'anywa, na Wanandi wakasukumwa katika eneo walilopimiwa. Mwaka wa 1908 Makaburu karibu familia 50 kutoka Afrika ya Kusini walipanda uwanda huo kwa magari ya ng'ombe. Viwanja vilipimwa na kutiwa namba. Katika kiwanja namba 64 pakaota mji, nao wenyeji wakauita Sisibo, mpaka ulipoitwa Eldoret mwaka wa 1912. Kama Wayahudi wa Urusi wangalikuja, wao ndio wangalikabidhiwa ardhi ile baada ya bunduki kufanya kazi yake. Hayo hayakuwa makusudi ya mwanamke wa Kishinev aliyeomba mahali pa kulala kwa amani, lakini yangalikuwa matokeo.

Wachache walikuja kwa hiari yao. Miongoni mwao alikuwa Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, aliyefika mwaka wa 1903 kutoka Afrika ya Kusini. Alianza kwa kilimo na kazi za mikono, na mwaka wa 1927 akainunua hoteli ya Norfolk mjini Nairobi. Jumuiya ndogo ya Wayahudi iliota mizizi, ikajenga sinagogi lake la kwanza katika miaka ya 1912 na 1913. Miaka ishirini na mitano baadaye jumuiya hiyo ilipata kazi kubwa.

Wakimbizi wa miaka ya 1930

Hitler alishika utawala Januari 1933. Mwaka wa 1935 sheria za Nuremberg ziliwavua Wayahudi wa Ujerumani uraia. Machi 1938 Austria ilimezwa. Watu waliotaka kutoka walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi wao walikuwa watu wa mjini: mawakili, matabibu, waalimu na wenye maduka. Balozi za nchi za ng'ambo ziliwauliza kama wajua kulima. Kwa hiyo zilianzishwa shule za kilimo ndani ya Ujerumani kwenyewe. Mojawapo ilikuwa Gross Breesen karibu na Breslau, iliyofunguliwa mwaka wa 1936 chini ya Curt Bondy, ambako vijana wa kiume na wa kike walijifunza kukama, kulima, kuchonga mbao na kutunza farasi, ili wapate hati ya kuingia katika nchi yoyote itakayowapokea.

Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kuzungumza juu ya wakimbizi hao. Karibu wote walisema kuwa wanasikitika na kwamba hawana nafasi. Mjumbe wa Uingereza, Lord Winterton, alitaja kuwa familia chache zaweza kupokewa Kenya. Mwaka huo huo liliundwa London shirika liitwalo Plough Settlements Association, yaani shirika la makazi ya plau, kwa kusudi la kuwaleta Kenya vijana wa Kiyahudi waliofunzwa kilimo. Kwanza wangefanya kazi kwa wakulima wa Kizungu ili waijue nchi, kisha wangepewa mashamba yao wenyewe. Masetla walilalamika tena kama walivyolalamika mwaka wa 1903. Walikubali wachache, kwa sharti la kuchaguliwa mmoja mmoja, lakini hawakutaka umati.

Yafaa kutazama hali ya ardhi ya Kenya katika mwaka huo. Tangu uamuzi wa Lord Elgin wa 1908, Wahindi hawakuruhusiwa kupata mashamba katika nyanda za juu. Mwaka wa 1939 amri ya Baraza la Mfalme iliithibitisha mipaka ya nyanda hizo, zaidi ya maili za mraba 16,000, ziwe za Wazungu peke yao. Katika Julai ile ile ya mkutano wa Evian, Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana kwenda Nairobi kudai warudishiwe ng'ombe walionyang'anywa kwa kisingizio kwamba malisho yao hayatoshi. Mwaka huo pia Jomo Kenyatta alitoa London kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichoeleza desturi ya Wakikuyu katika umilikaji wa ardhi. Basi nchi moja iliambiwa kuwa ina nafasi kwa wageni, na wenyeji wakaambiwa kuwa ng'ombe wao wamezidi.

Hali hiyo ilimweka mkimbizi wa Kiyahudi mahali pa ajabu. Berlin na Breslau alikuwa amehesabiwa si mtu. Alipofika Rongai au Ol Joro Orok alihesabiwa Mzungu, akaitwa bwana, akawa na watumishi, na sheria ikamruhusu kumiliki ardhi ambayo mwenyeji aliyeilima kama skwota hakuruhusiwa. Lakini wengi wa wakimbizi hao hawakuwa na fedha za kununua hata ekari moja. Waliajiriwa kuwa mameneja katika mashamba ya Waingereza, kwa mshahara mdogo na nyumba ya mbali, wakasimamia mahindi, pareto, kitani na ng'ombe wa maziwa pasipo kuvijua. Waliyoyajua waliyapata kwa manyapara na wafanyakazi Waafrika: dalili za mvua, maradhi ya ng'ombe, namna ya kuchimba kisima. Lugha ya masomo hayo ilikuwa Kiswahili. Wengi walikijua Kiswahili kabla ya Kiingereza, maana Kiingereza kilikuwa lugha ya mwajiri aliyekuja mara chache, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku.

Maisha hayo yanajulikana zaidi kwa kalamu ya Stefanie Zweig. Alizaliwa mwaka wa 1932 katika mji wa Leobschütz, Silesia ya Juu, binti wa mwanasheria, akaletwa Kenya mwaka wa 1938. Baba yake alipata kazi ya umeneja wa shamba. Binti alikulia miongoni mwa watoto wa wafanyakazi, akasema Kiswahili kama wao. Mwaka wa 1995 alitoa riwaya itokanayo na maisha hayo, nayo ikafanywa sinema mwaka wa 2001, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka wa 2003. Jambo lionekanalo wazi katika habari zake ni kwamba mtoto na mzazi hawakuishi katika nchi moja ingawa nyumba yao ilikuwa moja. Kwa mtoto shamba lilikuwa kwao. Kwa baba lilikuwa mahali pa kungojea.

Septemba 1939 vita vilipotangazwa, Wajerumani wote walioko Kenya walihesabiwa kuwa raia wa adui, na Wayahudi wakakamatwa pamoja na wale waliowakimbia. Wanaume walipelekwa kambini. Baadhi ya wanawake na watoto waliwekwa katika hoteli ya Norfolk, mali ya yule Abraham Block. Baada ya muda serikali ilitambua tofauti, wakaachiliwa. Mashamba yalihitaji wasimamizi, kwa kuwa masetla vijana walikwenda vitani. Mpango wa kuwapa wakimbizi mashamba yao wenyewe ulikatizwa na vita, wala haukupata kuwa makazi makubwa.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, wengi walipata habari kuwa ndugu waliobaki Ulaya wameuawa. Baadhi walihamia Nairobi, wakarudia kazi walizozisomea. Wengine walikwenda Palestina, Uingereza au Marekani. Baba yake Zweig alirudi Ujerumani mwaka wa 1947, akawa hakimu Frankfurt. Kilimo kilikuwa kimewaokoa maisha, nao walipopata nafasi ya kukiacha walikiacha.

Sosúa

Katika mkutano wa Evian serikali moja ilisema kuwa itapokea wakimbizi hata 100,000. Ilikuwa serikali ya Rafael Trujillo, dikteta wa Dominika. Ukarimu huo ulikuwa na sababu. Mwaka wa 1937 askari wake walikuwa wamewaua maelfu ya Wahaiti katika nchi za mpakani, na Trujillo alitaka kusafisha jina lake mbele ya Marekani. Tena alitaka kuongeza watu weupe katika nchi yake. Myahudi ambaye Hitler alimkataa kwa damu yake, Trujillo alimtaka kwa rangi yake.

Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 30 Januari 1940, na chama kilichoundwa Marekani chini ya James Rosenberg na Joseph Rosen kikapewa ekari 26,000 huko Sosúa, katika shamba la zamani la ndizi la kampuni ya United Fruit. Rosen alikuwa na ujuzi wa kazi hiyo, kwa kuwa tangu 1924 alikuwa amesimamia makazi ya Wayahudi wakulima katika Ukraine na Krimu, mpaka serikali ya Kisovieti ilipoyafunga mashirika ya kigeni mwaka wa 1938. Vita vilizuia safari za baharini, na watu waliofika Sosúa hawakuzidi mia chache. Hata hivyo hati za kuingia Dominika zilitolewa kwa maelfu, na wako waliozitumia kuokoka pasipo kuiona Sosúa.

Mwanzo walipanda nyanya, wakakosa wanunuzi, maana wenyeji hawakuwa na desturi ya kuzila kwa wingi. Baada ya hasara hiyo waligeukia ng'ombe. Waliunda ushirika wa maziwa na mwingine wa nyama, wakatengeneza siagi na jibini, na bidhaa zao zikajulikana katika nchi nzima. Vita vilipokwisha wengi walihamia Marekani, lakini kiwanda chao kiliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi.

Mambo ya kulinganisha

Makazi hayo yakilinganishwa, sababu za kudumu na za kufa zaonekana. Ya kwanza ni miliki. Mkulima wa Moisés Ville alijua kuwa akilipa deni shamba litakuwa lake. Mkimbizi wa Rongai alilima cha mwingine. Ya pili ni soko: nyanya za Sosúa zilioza na siagi ikauzwa, ingawa udongo na watu walikuwa wale wale. Ya tatu ni ushirika, uliomwezesha mgeni asiye na ukoo nchini kupata watu wa kusimama naye. Ya nne ni watoto. Pote pale shule ilipofunguliwa, kizazi cha pili kilielekea mjini, kama kielekeavyo kizazi cha wakulima wengine wote duniani.

Sababu ya tano ni nzito kupita hizo, nayo ni haki ya wenyeji. Argentina mbuga zilikuwa zimenyang'anywa Wahindi Wekundu kabla Wayahudi hawajafika. Sosúa ardhi ilitolewa na mtu ambaye mikono yake haikuwa imekauka damu. Katika Kenya mkimbizi alipewa nafasi ndani ya mpaka uliowafungia nje wenye nchi. Mkimbizi hakuuchora mpaka huo, naye hakuwa na nguvu za kuufuta. Alikuwa akiokoa watoto wake. Lakini makazi yaliyojengwa juu ya mpaka wa namna hiyo hayangeweza kukaa kuliko mpaka wenyewe. Tangu 1962 serikali ilipoanza kuyanunua mashamba ya masetla na kuwagawia Waafrika, na uhuru ulipopatikana Desemba 1963, mfumo ule ulivunjika, na Wayahudi wachache waliokuwa bado mashambani waliuza pamoja na wengine.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wakulima wa Kiyahudi wapo hata leo karibu na uwanda ule wa Uasin Gishu, ng'ambo ya mlima Elgon, nao hawakuletwa na mpango wowote. Mwaka wa 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa amewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, alisoma Agano la Kale, akakata shauri kulifuata. Akajitahiri yeye na watoto wake, na wafuasi wake karibu na Mbale wakaitwa Abayudaya. Kakungulu alifariki mwaka wa 1928. Idi Amin alipotawala Uganda katika miaka ya 1970, ibada yao ilipigwa marufuku, na wengi waliiacha dini. Walibaki mia chache tu, wakisali kwa siri. Baadaye waliongezeka tena. Mwaka wa 2004 walianzisha pamoja na jirani zao Wakristo na Waislamu ushirika wa kuuza kahawa, ulioitwa Mirembe Kawomera, maana yake amani njema.

Hao hawakuwa wakimbizi, na ardhi waliyoilima ilikuwa ya baba zao. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwauliza ile hodi waliipiga kwa nani. Wakimbizi wa Kishinev na wa Breslau waliipiga kwa watawala wa mbali, na watawala hao ndio waliowajibu. Wenye nyumba hawakusikia hodi, nao hawakupata nafasi ya kusema karibu.